Nikiingia kwenye kompyuta ya duka kutoka mbali keshia anafungiwa nje, na nikitazama tu skrini inakuwa nyeusi kila mchana

#1 MtunzaDaftari
Salaam wakuu. Ninatunza hesabu za duka la pembejeo lililopo Makambako, nami ninaishi Dodoma. Duka lina kompyuta moja ya mezani yenye Windows 10 Pro, na keshia wetu anaitumia tangu saa mbili asubuhi mpaka saa kumi na moja jioni kwa kuuza, kupokea mzigo na kuandaa bei kabla hajatoa risiti ya EFD. Ruta ya dukani na ruta yangu ya nyumbani zimeunganishwa kwa VPN, yaani njia ya faragha kupitia intaneti, kwa hiyo kompyuta ile ninaifikia kama iko chumba cha pili.

Nina shida mbili. Ya kwanza, nikifungua Remote Desktop, ile njia ya Windows ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, na kuingia kwa akaunti ya keshia, yeye anabakiziwa ukurasa wa kuingizia nenosiri, huku mteja amesimama dirishani na mifuko ya mbolea imeshapangwa kwenye guta. Akiandika nenosiri lake, mimi ndiye ninayetolewa. Juzi tulitoana hivyo mara nne, mpaka akanipigia simu akidhani kompyuta imeingiliwa na mwizi.

Ya pili ilikuja baada ya kuelekezwa nitumie amri ya kutazama kwa kivuli, yaani mstsc yenye neno shadow. Asubuhi inafanya kazi vizuri kabisa, ninaona anachokiona. Lakini siku nyingi, kati ya saa saba na saa nane mchana, skrini inakuwa nyeusi yote na ninabaki na mshale wa kipanya peke yake, ambao unasogea nikiusogeza. Ikikaribia saa tisa picha inarudi bila mimi kugusa kitu. Sababu ni nini?

#2 FundiSeva
Karibu mkuu. Shida ya kwanza si hitilafu, ndivyo Remote Desktop ilivyoundwa. Ukiingia kwa njia hiyo hupewi dirisha la kumchungulia aliyekaa pale, bali unapewa kiti chenyewe. Windows hutenganisha kazi za watumiaji kwa sesheni, na sesheni iliyounganishwa na monita na kibodi ya mezani huitwa console. Unapoingia na akaunti ya keshia, ile sesheni yake inang'olewa kwenye monita ya Makambako na kupandikizwa kwenye monita yako ya Dodoma, programu zake zote zikiwa wazi vilevile. Ndiyo maana hapotezi kazi aliyokuwa anaifanya ingawa anafungiwa nje.

Windows 10 Pro na 11 Pro zinaruhusu mtu mmoja tu kufanya kazi kwa wakati mmoja, awe mezani au mbali. Windows Server inaruhusu wasimamizi 2 bila malipo ya ziada, na zaidi ya hapo unahitaji huduma ya Remote Desktop Services pamoja na leseni ya kila mtumiaji au kila kifaa, baada ya siku 120 za majaribio.

Kuhusu weusi wa mchana nina maoni, ila kwanza nijibu: je, katikati ya huo weusi unaona alama ya vipande viwili vilivyosimama, kama ile ya kusimamisha muziki?

#3 BintiPangani
Samahani kwa kudandia uzi. MtunzaDaftari, naomba uandike hatua ulizopitia kwenye hicho kivuli, maana mimi kila nikijaribu ninaambiwa sina ruhusa.

#4 MtunzaDaftari
FundiSeva, sioni alama yoyote, ni weusi na mshale tu.

Dada BintiPangani, nilifanya hivi. Kwenye kompyuta ya duka niliwasha Remote Desktop, kisha kwenye ukuta wa moto wa Windows nikaruhusu kanuni iitwayo Remote Desktop - Shadow, ambayo huwa imezimwa. Halafu kwenye sera za kompyuta niliweka kwamba nitazame na kuendesha kwa idhini ya mtumiaji. Kutoka kwangu ninaanza na qwinsta /server: ikifuatwa na anwani ya kompyuta ya duka, ili nione namba ya sesheni ya keshia, ambayo mara nyingi ni 1. Kisha ninaandika mstsc /v: na anwani hiyo, /shadow:1 /control /prompt. Kule dukani linatokea dirisha la kumuuliza kama ananiruhusu, akikubali ninaingia. Nikiondoa neno control ninatazama tu bila kugusa.

#5 FundiSeva
Dada, kama qwinsta inakujibu kosa namba 5, ingia kwenye rejesta, yaani hifadhi ya mipangilio ya Windows, ya ile kompyuta unayotaka kuitazama, sehemu ya Control\Terminal Server, uweke AllowRemoteRPC iwe 1. Hakikisha pia poti 445, yaani mlango wa mtandao wenye namba hiyo, inapitika kati yenu, kwa sababu kivuli hakipiti kwenye poti 3389 kama Remote Desktop ya kawaida. Wengi hufungua 3389, wakashangaa kwa nini kivuli kinakataa.

#6 Mwalimu_Maabara
Hamjambo kutoka Nakuru. Ninasimamia maabara ya shule yenye tarakilishi 24, na kwa uzoefu wangu njia hiyo ya kivuli ni ngumu bila sababu. Ilikuja na Windows 10 na bado haijakomaa. Tumieni VNC. Ukiunganisha unaona kile kile anachokiona aliyeketi, hakuna anayefungiwa nje, na mwanafunzi anaweza kuendelea kuandika huku ukimwonyesha.

#7 Mzee_wa_NT4
Mwalimu, nikurekebishe kwa heshima. Kutazama sesheni ya mwingine kulikuwapo tangu Windows 2000 Server, sisi tulikuita kudhibiti kwa mbali. Itifaki ya RDP yenyewe, ile inayotumiwa na Remote Desktop, ilitoka mwaka 1998 na toleo la Terminal Server la Windows NT 4.0. Kilichotokea ni kwamba Microsoft waliiondoa huduma ya kivuli kwenye Server 2012, wasimamizi wakalalamika sana, ikarudishwa mwaka 2013 kwenye Server 2012 R2 na Windows 8.1. Kwa hiyo Windows 10 iliirithi tu.

Kuhusu VNC uko sahihi kwamba inaonyesha skrini ile ile, na hilo linatokana na jinsi inavyofanya kazi. VNC ilizaliwa kwenye maabara ya Cambridge, Uingereza, na kazi yake ni kusoma vipande vya picha vilivyobadilika kwenye skrini na kuvituma. Haijali sesheni ni ya nani. RDP inatengeneza sesheni na kuifikisha kwako, inabeba sauti, printa na ubao wa kunakili. Ni vyombo viwili vyenye madhumuni tofauti, na ugomvi wa kipi ni bora huanzia pale mtu anapotumia kimoja kwa kazi ya kingine.

#8 Mwalimu_Maabara
Asante kwa masahihisho, Mzee. Ninabaki na VNC kwa ajili ya darasa, na nimepokea historia.

#9 Chuma_cha_Reli
Mwalimu, kabla hujaondoka, nywila ya VNC ya maabara yako ina herufi ngapi? Ninauliza kwa sababu uthibitishaji wa VNC wa jadi unasoma herufi 8 za mwanzo tu. Unaweza kuandika shairi zima, yenyewe inaangalia hizo 8 na kuyaacha mengine. Vijana wa kidato cha tatu wakiligundua hilo watakuendesha wao.

#10 Mwalimu_Maabara
Nywila yangu ilikuwa jina la shule likifuatwa na mwaka. Jina la shule lina herufi 8 kamili. Nimeondoka mezani kwenda maabara sasa hivi.

#11 Mtoto_wa_Tanga
Salaam kutoka Muscat. Mimi ninamsaidia baba aliyeko Tanga kwa Quick Assist, ile iliyomo ndani ya Windows. Ninaingia kwa akaunti yangu ya Microsoft, ninapata msimbo wa herufi 6 unaodumu dakika 10, ninamsomea kwa simu, anauandika, anakubali, basi. Yeye hahitaji akaunti.

Ninachotaka kusema kuhusu weusi ni hiki. Kila mara linapotokea lile dirisha la Windows la kuuliza kama unaruhusu programu ifanye mabadiliko kwenye kompyuta, upande wangu kunakuwa kweusi, na ninasubiri mpaka baba abonyeze Ndiyo. Mara ya kwanza nilimwambia mzee wangu kwamba mtandao umekatika, kumbe yeye alikuwa amekaa anatazama swali asilolielewa, akiogopa kulijibu. Tulikaa hivyo karibu robo saa, mimi ninahangaika na ruta ya huku na yeye ameweka mikono mapajani. Je, haiwezekani keshia naye anaachiwa swali kama hilo anapokwenda kula?

#12 FundiSeva
Hilo ndilo nililolilenga kwenye #2. Swali lile hutokea kwenye kioo cha pembeni kilicholindwa, ambacho Windows hairuhusu programu za kawaida kukisoma wala kukibonyeza, ili kirusi kisijipe ruhusa chenyewe. Ukurasa wa kufunga kompyuta nao una ulinzi wa namna hiyo. Kwa amri ya kivuli huwa inatokea alama ya kusimama kwa muda, ndiyo maana niliuliza. Kwa kuwa ndugu yetu haioni alama hiyo, nimepunguza imani yangu, ingawa sijaiacha. Keshia akienda kula, kompyuta inajifunga?

#13 MtunzaDaftari
Haijifungi. Niliondoa kujifunga tangu mwaka jana kwa sababu ilikuwa inawachelewesha wateja.

#14 Jua_la_Kahama
Mimi nadhani mnatafuta mbali. Keshia anazima monita akienda kula, kama alivyofundishwa kuokoa umeme wa LUKU. Monita nyingi zinazotumia waya wa DisplayPort, na baadhi za HDMI, zikizimwa kwa kitufe zinakatika kabisa, Windows inaona kompyuta haina kioo, na programu inayosoma picha inakosa cha kusoma. Zile za zamani zenye waya wa VGA hazina tabia hiyo kwa kiasi hicho.

Nina kompyuta mbili ghalani hazina monita kabisa. AnyDesk, programu ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali, ilikuwa inanionyesha weusi, au picha ndogo mno isiyosomeka, mpaka nilipochomeka kile kidude cha HDMI cha kudanganyia, ambacho kinaiambia kadi ya picha kwamba kuna monita. Ni kidogo kuliko flashi, na tangu nikichomeke sijaona weusi tena.

#15 MtunzaDaftari
Nimempigia keshia sasa hivi. Anasema ni kweli huwa anazima monita akienda kula, lakini si kila siku. Jana anakumbuka vizuri kwamba hakuizima, kwa sababu mtunza stoo alikuwa amekaa pale akimshikia nafasi. Na jana weusi ulikuwapo saa saba na dakika kumi. Monita ina waya wa DisplayPort, hilo umelijua bila kuliona.

#16 Chuma_cha_Reli
Basi angalia kiendeshi cha picha. Tangu toleo la 1903 la Windows 10, Remote Desktop inatumia kiendeshi cha aina ya WDDM, na watu wengi walianza kupata skrini nyeusi yenye mshale tangu hapo. Kwenye sera za kompyuta, chini ya Remote Session Environment, kuna kipengele cha kutumia WDDM kwa miunganisho ya Remote Desktop. Kizime, uwashe kompyuta upya. Ofisini kwetu tulikuwa na mashine 6 zenye ugonjwa huo na zote zilipona.

#17 Mzee_wa_NT4
Kijana, dawa hiyo ninaifahamu na imenisaidia pia, lakini inahusu sesheni zinazoanzishwa kutoka mbali. Yeye anatazama console, ambayo inachorwa na kadi ya picha ya mezani. Sioni kwa nini kipengele hicho kimguse.

#18 Chuma_cha_Reli
Mzee, asubuhi huyu ndugu anaingia kwa Remote Desktop ya kawaida kabla hajahamia kwenye kivuli, amesema mwenyewe kwamba walitoana mara nne. Sesheni iliyowahi kuhamishwa kwenda mbali na kurudishwa mezani hubeba mabaki. Ajaribu kwanza, kujaribu hakuna gharama.

#19 Lango_la_Jiji
Mimi nina jambo tofauti kidogo, naomba msaada hapo hapo. Sina VPN. Nimefungua poti 3389 kwenye ruta ili niingie nyumbani nikiwa safarini, na kwa usalama nimeibadilisha iwe 3390. Ilifanya kazi nilipokuwa na intaneti ya zamani ya nyaya, lakini tangu nihamie intaneti ya laini ya simu haifiki kabisa. Ruta inaonyesha anwani inayoanza na 100.71.

#20 FundiSeva
Ndugu, ninakuomba kwa dhati uifunge poti hiyo hata kama ingefika. Kubadilisha namba hakumzuii mtu, kwa sababu wanaotafuta milango hawapigi hodi kwenye 3389 peke yake, wanapita kwenye namba zote kwa programu. Mwezi Mei 2019 lilitangazwa tundu lililoitwa BlueKeep, CVE-2019-0708, lililomwezesha mtu kuingia kupitia Remote Desktop ya Windows za zamani bila jina wala nenosiri, na Microsoft waliona hatari hiyo kubwa kiasi cha kutoa kiraka hata kwa Windows XP, ambayo walishaacha kuihudumia mwaka 2014.

Sisemi haya kwa kusoma tu. Mwaka 2020 nilikuwa ninahudumia ofisi moja ndogo yenye kompyuta ya hesabu iliyofunguliwa hivyo hivyo, na nenosiri lake lilikuwa jina la mji na namba tatu. Jumatatu asubuhi tulikuta kila faili limebadilishwa mwisho wa jina lake, na kwenye kioo kuna barua ya kudai fedha. Nakala ya akiba ilikuwa kwenye diski iliyochomekwa kwenye kompyuta ile ile, nayo imefungwa. Mhasibu wa pale alitumia miezi miwili kuandika upya vitabu vya mwaka mzima kutoka kwenye risiti za karatasi, na baadhi ya risiti zilikuwa zimeshafifia wino. Tangu siku ile sifungui poti ya Remote Desktop kwa mtu yeyote, hata akilipa mara mbili.

#21 Jua_la_Kahama
Lango_la_Jiji, hiyo 100.71 ndiyo jibu lako. Anwani kuanzia 100.64.0.0 mpaka 100.127.255.255 zimetengwa kwa ajili ya kampuni za mtandao kugawa ndani kwa ndani, watu wengi wakichangia anwani moja ya nje. Ukifungua poti kwenye ruta yako unafungua mlango wa chumba, lakini geti la nyumba liko kwa kampuni. Tumia VPN ambayo pande zote mbili zinatoka nje zenyewe kwenda kukutana, Tailscale kwa mfano, ambayo msingi wake ni WireGuard. Ukifanya hivyo huhitaji kufungua poti yoyote.

#22 Lango_la_Jiji
Nimeifunga. Asanteni. Swali la mwisho: nikijaribu kuingia kwa namba ya siri fupi ninayotumia nikiwasha kompyuta, inakataa.

#23 BintiPangani
Hilo nilihangaika nalo wiki nzima, kwa hiyo acha nilijibu mimi. Ile PIN ni ya kifaa chenyewe na haivuki kwenda Remote Desktop. Tumia nenosiri kamili la akaunti yako ya Microsoft. Na kama akaunti ni ya kompyuta yenyewe isiyo na nenosiri, Windows haikuruhusu kuingia nayo kutoka mbali kabisa, mpaka uiwekee. Kama una Windows Home usihangaike, inaweza kwenda kwa wengine lakini haiwezi kupokea.

FundiSeva, AllowRemoteRPC imefanya kazi kwangu. Nimeweza.

#24 Keshia_Mstaafu
Habari zenu. Nimesoma kimya kutoka juu, na ninaomba niseme kwa niaba ya upande ambao hauandiki hapa. Nimekaa kwenye kaunta miaka 11. Siku moja nilikuwa ninahesabu chenji, nikainua macho nikaona mshale unatembea peke yake kwenye skrini, taratibu, ukaenda kwenye orodha ya mauzo ya siku ile, ukaifungua, ukashuka mpaka chini. Mkono wangu ulikuwa na noti. Hakuna aliyekuwa ameniambia kwamba kitu kama hicho kinawezekana. Niliacha kuuza mpaka meneja alipokuja, na usiku ule sikulala vizuri, nikijiuliza wamenitazama tangu lini na wameona nini.

MtunzaDaftari, umeandika kwamba umeweka mpangilio wa kuomba idhini. Ninakushukuru kwa hilo, na ninakuomba usije ukauondoa siku utakapochoka kusubiri akubali.

#25 MtunzaDaftari
Mama, shikamoo. Nimekusikia. Kusema kweli nilikuwa nimeshaandika pembeni ile amri ya kuingia bila idhini, kwa sababu mchana ninakuta hayupo wa kubonyeza. Nimeifuta.

#26 Mzee_wa_NT4
Mtunza, ili ujue unachoshika: thamani ya Shadow kwenye rejesta ikiwa 1 unaendesha kwa idhini, 2 unaendesha bila idhini, 3 unatazama kwa idhini, 4 unatazama bila idhini, na 0 hakuna kutazama kabisa. Wasimamizi wengi huweka 2 siku ya kufunga mitambo ili wajaribu, kisha wakaondoka na kuiacha hivyo. Aliyerithi mashine hajui, na anayetazamwa hajui. Na tukumbuke kwamba hapa Tanzania Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imeshaanza kutumika, na kwa jirani zetu Kenya ipo yao ya 2019. Kwenye skrini ya duka kuna majina na namba za simu za wakulima wanaokopa mbolea, hizo si za kwako wala za keshia.

#27 BintiPangani
Turudi kwenye weusi. Kwenye #15 umesema mtunza stoo alikuwa anamshikia nafasi. Je, mtunza stoo anaingia kwa akaunti yake? Kama anabadilisha mtumiaji bila kumtoa keshia, basi sesheni ya keshia inabaki nyuma bila monita, na monita inahamia kwenye sesheni mpya yenye namba 2 au 3. Wewe unaendelea kutazama namba 1, ambayo haichorwi popote. Keshia akirudi saa nane na nusu anaingia tena, na picha inarudi. Saa zinalingana kabisa na maelezo yako.

#28 FundiSeva
Dada, hiyo ni hoja nzito kuliko yangu. Mashaka yangu ni moja tu: nilipojaribu kutazama sesheni iliyokatwa, amri ilinikatalia papo hapo, haikunipa weusi.

#29 BintiPangani
Ulijaribu kuianza ikiwa imeshakatwa. Yeye anakuwa ndani tayari ndipo inakatwa.

#30 Mtoto_wa_Tanga
Na tusisahau VPN. Tangu RDP 8 ya mwaka 2012, Remote Desktop hutumia UDP pamoja na TCP, njia mbili za kusafirisha data mtandaoni. VPN hupunguza ukubwa wa pakiti inayoweza kupita, kwa WireGuard kwa kawaida ni baiti 1420 badala ya 1500, na mtandao ukielemewa mchana pakiti kubwa zinapotea huku ndogo zikipita. Mshale ni kitu kidogo, picha ni kitu kikubwa. Zima UDP upande wako uone.

#31 Jua_la_Kahama
Saa saba mchana Makambako mtandao unaelemewa na nani, wakati watu wanakula?

#32 Mtoto_wa_Tanga
Na hao wanaokula wameshika simu mkono wa pili.

#33 MtunzaDaftari
Wakuu, nimefanya kazi ya siku nne, ninaleta matokeo.

Jumanne nilizima WDDM na kuwasha kompyuta upya kabla ya kufungua duka. Saa saba na robo weusi ukaja kama kawaida. Jumatano niliirudisha WDDM, nikazima UDP kwangu, na keshia akaacha monita ikiwaka. Hakukuwa na weusi mpaka saa tisa, nikafurahi. Alhamisi sikubadilisha chochote, monita ikiwaka, UDP ikiwa imezimwa, na weusi ulitokea saa saba na dakika ishirini na mbili. Nikaandika qwinsta papo hapo, nikaona console imehamia namba 3 na namba 1 imekatwa. Nikampigia mtunza stoo, akakiri kwamba anaingia kwa jina lake ili mauzo yake yasichanganyike na ya keshia, jambo ambalo kwa mhasibu ni zuri. Nikatazama namba 3, akanipa idhini, nikaona vizuri.

Nilikuwa ninajiandaa kuja kumpongeza BintiPangani. Ijumaa mtunza stoo alisafiri, keshia alikula pale pale kaunta, hakuna aliyebadilisha mtumiaji, monita inawaka. Saa saba na dakika arobaini, weusi. Qwinsta inaonyesha console namba 1, iko hai. Nikamwomba keshia anisomee kilichopo kwenye kioo chake, akasema anaona mauzo kama kawaida na hakuna swali lolote lililotokea.

#34 Mzee_wa_NT4
Ijumaa mshale ulikuwapo?

#35 MtunzaDaftari
Hapana, Mzee. Umeniuliza ndipo nimekumbuka. Ijumaa mshale haukuwapo.

#36 Mzee_wa_NT4
Basi huenda una weusi wa aina mbili, nasi tumekuwa tukiutafutia sababu moja. Jumatatu ukiupata, usifunge dirisha. Mwombe keshia asogeze dirisha lolote kwenye kioo chake, kisha abonyeze Win, Ctrl, Shift na B kwa pamoja, ambayo huwasha upya kiendeshi cha picha bila kuzima kitu. Uandike hapa kipi kilirudisha picha, na baada ya sekunde ngapi.

#37 Jua_la_Kahama
Na kile kidude cha HDMI nakiweka kwenye basi la kesho kwenda Makambako. Kichomeke kwenye tundu la pili la kadi ya picha, Jumanne, si Jumatatu, tusije tukachanganya majaribio.

#38 MtunzaDaftari
Jumatatu ya Mzee, Jumanne ya Kahama. Keshia ameshaandika kwenye karatasi vitufe vinne na kuibandika kando ya monita.